Mfupa wa Nyangumi Niliousugua kwa Ndimu

Kila nikipita pale kwa muuza kahawa pana mtu wa kuniuliza habari ya mfupa, na kila mmoja anataka nianzie pale nilipoaibika. Hapana. Aibu ina mahali pake katika safari, kama kituo cha mafuta, na mtaifikia. Nimeamua kuandika yote mara moja nipate kunywa kahawa yangu kwa amani. Shule niliiacha darasa la tatu nikaenda kubeba chumvi, kwa hiyo anayetaka nukta na mkato akazitafute kwa mwanawe. Mimi nimejenga nyumba ya mawe, nimenunua malori, nimesomesha watoto tisa, na katika yote hayo hakuna nukta iliyonisaidia.

Nyumbani, Ngomeni

Mfupa wenyewe mnaujua. Ni pingili moja ya uti wa mgongo wa nyangumi, pana kama sinia ya wali, na dada yangu Kadzo huukalia jikoni kwake tangu akiwa msichana. Alipewa na babu yetu mzaa baba. Kadzo ni mkubwa kwangu. Alinibeba mgongoni, na mpaka leo akinitazama huona yule mtoto wa mgongoni, si mwenye malori.

Aliyeuleta upepo wote huu ni Sidi, binti wa Kaloleni aliyesomea wanyama wa baharini huko Nairobi. Alipita vijiji vya pwani akiuliza nani ana mfupa wa nyangumi wa zamani. Wengine walimwonyesha mifupa ya ng'ombe. Sisi tulimwonyesha wetu, na yule binti akapiga magoti sakafuni kama aliyekutana na mkwewe.

Alitueleza hivi. Zamani meli za wageni ziliwaua nyangumi kwa ajili ya mafuta yao mpaka wakakaribia kwisha. Kisha wakaachwa, wakazaana, na siku hizi msimu wa kipupwe unawaona wanapita tena nje ya mwamba, wanaruka na kujipigiza. Watu wanafurahi kwamba wamerudi. Yeye anauliza wamerudi wa nani. Je, ni wa koo zote zilizokuwepo kabla ya meli, au ni wengi wa koo chache? Walio hai, yeye na wenzake huwachukua kijipande cha ngozi kama ukucha, kwa mshale mdogo, wala nyangumi hawajali. Wa zamani hawana ngozi, ila mifupa yao bado imeshika alama za ukoo. Ukiziweka pamoja za zamani na za sasa, unaona nani hayupo.

Mimi nikamwambia wingi ni wingi, nyumba iliyojaa imejaa. Akanijibu kwa adabu, "Babu, maradhi yakiingia, watu wa damu moja huugua pamoja." Nikaagiza chai.

Alitaka vumbi tu, la kujaza kifuniko cha chupa. Kadzo akasema hakuna mtu atakayetoboa kiti chake. Wakajadiliana wanawake wale, na mwisho Kadzo akakubali jambo moja: mfupa una ufa wa asili ubavuni, basi wakwangue ndani ya ufa huo, si penginepo. Sidi akasema ufa ni mzuri, ila ukwanguliwe Nairobi, ndani ya chumba kisichoingia vumbi la mtu. Atakuja na gari aubebe mwenyewe. Hapo nikaingia mimi. Nikasema mali yetu haibebwi na mgeni, nitaupeleka mwenyewe. Kadzo akasema, "Uende mzima, urudi mzima, Kahindi. Nimekukabidhi wewe." Nikamwambia dada, mimi nimesafirisha chumvi mpaka Busia, sembuse mfupa.

Sidi aliniachia mfuko mzito wa nailoni, glovu na karatasi za ruhusa ya kuusafirisha, akasisitiza: mzee, usiushike, usiuoshe, uje nao ulivyo.

Sasa nyinyi ni watu wa pwani, niambieni. Mtu akikualika akakwambia usijisumbue, njoo hivyo hivyo, wewe unakwenda hivyo hivyo? Unakwenda mikono mitupu na kanzu ya jana? Kwetu mwenyeji husema usijisumbue kwa sababu ana adabu, na mgeni hujisumbua kwa sababu naye anayo. Nikamwona Sidi amelelewa vizuri. Basi nikauchukua nyumbani kwangu, nikachemsha maji sufuria kubwa, nikaumwagia mfupa, nikausugua kwa ndimu na jivu kwa kumbi la nazi mpaka ukawa mweupe kama jino. Miaka na miaka ya moshi wa jiko ikaondoka. Ule ufa niliuchokoa kwa msumari mpaka ndani nikautia maji ya moto. Ulipokauka nikaupaka mafuta ya papa, yale ya kupaka mashua, upate kung'aa. Nikaufunga kwenye leso mpya ya dada, nikautia guniani. Ule mfuko wa nailoni niliuona mzuri mno kwa mfupa. Nikatia humo mahamri ya njiani.

Kilifi, kwenye mkonge

Basi la Malindi lilikuwa zuri, na dereva alikuwa kijana wa heshima, mpaka tulipovuka daraja la Kilifi. Kabla ya njia ya Takaungu tairi likapasuka. La akiba nalo lilikuwa halina upepo, jambo ambalo utingo alilijua tangu asubuhi, maana alianza kutafuta kivuli kabla sisi hatujashuka.

Tukakaa pembeni mwa mashamba ya mkonge. Mama mmoja mnene aliyepandia Kilifi hakuona mahali pa kukaa, nikafungua gunia nikamkaribisha kwenye mfupa. Alikuwa mtu wa Takaungu anakwenda harusini Mombasa, Kiswahili chake kinateleza kama samli. Akauliza ni kitu gani hiki kinachonuka pweza.

Hiyo ndiyo nafasi niliyokuwa nikiingoja. Nikasimama nikawasimulia abiria wote, kama nilivyowasimulia nyinyi mara ngapi, kwamba babu yangu alimuua nyangumi huyu kwa mkuki, akiwa peke yake ndani ya mtumbwi, na kijiji kikala nyama mpaka mbwa wakakataa. Nikaonyesha kwa mkono jinsi alivyoinua mkuki. Vijana wakapiga makofi.

Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza kwa upole mkuki wenyewe ulikuwa na urefu gani. "Maana, bwana wangu," akasema, "marehemu mume wangu alikuwa mvuvi, na nguru mmoja alikuwa akimpindua na mashua yake."

Abiria wakacheka. Nikamwambia babu yangu alikuwa na nguvu. Akasema bila shaka, na akaendelea kukaa juu ya nyangumi wangu akila korosho, mpaka tairi lilipoletwa kwa pikipiki. Alipoinuka, mgongoni mwa buibui lake palikuwa na duara la mafuta ya papa pana kama sinia. Anakwenda harusini. Nilimwacha apande kwanza.

Mombasa, na mbwa

Kwenye stesheni ya treni mizigo hupangwa chini mstarini, watu wanasimama kando, kisha mbwa hupitishwa kuinusa. Nilikwisha kuambiwa. Aliyesahauliwa kuambiwa ni mbwa.

Alipita masanduku yote kama bwana mkubwa. Alipofika kwenye gunia langu akaketi. Askari wake kijana akashituka, maana mbwa akiketi ana maana yake. Wakatuondoa abiria hatua kadhaa. Mkubwa wao akaja. Wakaniuliza kuna nini ndani, nikajibu nyangumi. Wakatazamana. Wakaniuliza tena polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa, nami nikajibu tena polepole, kama mtu anayesema na watoto, nyangumi.

Wakalifungua gunia kwa fimbo ndefu. Mbwa hakungoja amri. Akatia kichwa ndani ya leso ya dada akaanza kulamba. Alilamba mfupa kama anayelipwa kwa kila ulimi. Yule kijana alivuta kamba, akamwita kwa jina, akamsihi, wapi. Mwishowe akaniambia, uso umemwiva kwa aibu, "Mzee, mbwa huyu amefuzu. Hajawahi kunifanyia hivi." Nikamwambia asijali, ni mafuta ya papa, hata binadamu huyanywa kwa kikohozi.

Karatasi za Sidi zilikuwa sawasawa, na wenyewe walikuwa na heshima, ila kila mmoja alitaka kuuona mfupa kwa macho yake na kupigwa picha nao, na treni haikungoja wapiga picha. Nikalala kwa mpwa wangu wa upande wa mke, Changamwe. Mkewe aliupokea mfupa kwa mikono miwili, akauweka mezani, akautandikia kitambaa. Asubuhi nilimkuta ameufuta tena, kwa sabuni ya unga, kwa sababu ulikuwa na mate ya mbwa.

Kwenye treni

Safari hii ya pili mbwa alikuwa mwingine, mwenye mafua labda, nikapanda salama.

Jirani yangu alikuwa mama wa Machakos aliyetoka kumtazama binti yake aliyejifungua. Mwanzo alihamia kiti cha mbali kwa sababu ya harufu. Tulipopita Voi njaa ikamrudisha. Yeye alikuwa na viazi vitamu vya kuchemsha, mimi nina mahamri ndani ya mfuko wa maabara, tukabadilishana. Akasifu mfuko, hauingizi hewa, mahamri ni laini kama ya asubuhi. Nikampa akae nao.

Aliniuliza nimezaa wangapi nikamwambia tisa, na wajukuu mpaka nimeacha kukariri majina. Nikavimba kidogo. Akauliza na dada yangu mwenye mfupa? Nikamwambia hakujaaliwa. Akasema pole, akageuka dirishani kutazama tembo. Mimi sikuona kwa nini anipe pole mimi, mtu mwenye watoto tisa.

Nairobi

Sidi alinipokea stesheni. Alisema shikamoo, akachukua mfuko wangu wa nguo, akaliangalia gunia, akanusa. Alinipitisha mahali tule. Waliniletea mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja bila hata tone la nazi, nikala nikidhani ndiyo ya kuanzia, nikangoja wali mpaka Sidi akasema twende.

Maabara ni baridi, na watu wake wamevaa nguo nyeupe hadi nyusi, unawatambua kwa macho tu. Nikaweka gunia mezani, nikafungua leso kama anayefunua zawadi ya bibi harusi. Mfupa ukang'aa chini ya zile taa. Nikarudi nyuma kidogo wapate nafasi ya kushangaa.

Wakashangaa kweli. Sidi alivua miwani akaivaa tena. Akasema taratibu, "Babu, umeufanya nini?"

Nikamweleza yote, maji ya moto, ndimu, jivu, msumari, mafuta, nikaongeza na sabuni ya mke wa mpwa wangu asije akakosa sifa zake. Kila nilipotaja kitu mmoja wa wale wa nguo nyeupe alifumba macho. Na nilipomaliza, kusema kweli, nilikuwa bado nangoja asante.

Akanikalisha. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo. Akanieleza kwamba alama za ukoo zilizobaki mfupani ni chache na zimechoka. Maji ya moto huziharibu, na kila kinachogusa mfupa huacha alama zake juu yake. Ule ufa, mahali pekee tulipopewa ruhusa, sasa umejaa papa, ndimu, mbwa na mimi. Wakiukwangua watanisoma mimi. Na mifupa ya zamani ya pwani hii aliyoipata haijai mkono. Huu ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

Nikauliza hakuna dawa? Akasema iko moja. Ndani kabisa, katikati, huenda maji na mafuta hayakufika. Lakini kufika huko ni kutoboa kutoka juu mpaka moyoni. Tundu la kuingia kidole gumba. "Na hawe Kadzo alikataa," akasema. Hawe kwetu ni bibi. "Bila neno lake sitoboi. Nitaufunga urudi nao."

Sikilizeni, mimi ni mtu wa kuamua. Ningeweza kusema toboa, nikaziba tundu kwa chokaa, dada asijue. Nilifikiri hivyo, tena si kidogo. Ila mtu aliyekujua tangu mgongoni hazibiwi kwa chokaa. Nikampigia.

Sijui kuongea na simu bila ya kuipigia kelele, kwa hiyo Sidi aliiweka spika juu ya meza, na wale weupe wote wakawa wanasikia.

"Umefika?" Kadzo akauliza.

"Nimefika, dada. Kuna jambo dogo."

"Umeuvunja."

"Sikuuvunja. Niliuosha."

Nikasikia kuku wake. Kisha akasema, "Hata nguo zako hujawahi kuosha, Kahindi. Leo ndiyo umeanzia kwenye kiti changu?"

Mmoja wa wale weupe akatoka nje mbio, mabega yanamtikisika. Nikamweleza dada mambo ya tundu, vibaya, nikichanganya, mpaka akaniambia ninyamaze nimpe yule msichana.

"Shikamoo, hawe," Sidi akasema.

"Marahaba, mjukuu wangu. Hebu niambie. Ndani ya mfupa wangu unamtafuta nani hasa?"

Sidi akafikiri. Akasema, "Namtafuta mama yake, hawe. Na mama wa mama yake, kwenda nyuma."

"Na baba?"

"Baba ni vigumu kumpata kwenye mfupa mzee namna hii. Inayodumu ni ile alama ambayo mama huwapa wanawe wote. Wa kike naye huwapa wanawe. Wa kiume anapokea tu, hapitishi. Ukoo wa mama ukikosa binti, alama hiyo imeishia hapo, hata kama wana wa kiume wamejaa bahari nzima."

Neno hilo Kadzo alilielewa kabla yangu. Inafaa mjue, marehemu mama yetu, Mbodze, hakuwa Mgiriama, alikuwa Mduruma wa Kinango. Waduruma wana ukoo wa baba kama sisi, na wana mwingine wa kwa mama, wanauita ukuche, unaotoka kwa mama kwenda kwa binti. Mama alituzaa mimi na Kadzo tu. Haya mimi nilikuwa nayajua, kama ninavyojua bei ya saruji ya mwaka juzi. Sikuwahi kuyafikiria.

"Nimekuelewa," Kadzo akasema. "Sasa na mimi nikwambie kitu, usije ukaandika uongo wa ndugu yangu. Babu yetu hakumuua huyo nyangumi. Nyanya alikuwepo, alinisimulia mimi tukisonga sima. Nyangumi alitupwa ufuoni amekufa siku nyingi, na mgongoni ana chuma kimemkwama, kinene, kina ndoano, na kamba imekatika. Chuma hicho babu alikipeleka Ganze kwa mhunzi kikafuliwa majembe. Wanaume walipoona nyama imeliwa na chuma hakipo tena, wakaanza habari za mkuki."

Nilitamani taa zile zizimike. Kumbe Sidi alikuwa amesimama wima, ameshika meza. Akauliza, sauti yake imepungua, kama nyanya alisema chuma hicho kilikuwa na umbo gani, na kama wazee walikumbuka meli yoyote. Kadzo akamjibu alilolijua. Sidi akaandika haraka. Aliniambia baadaye kwamba kwake mkuki wa babu haukuwa na faida yoyote. Lakini nyangumi aliyekuja na chuma mgongoni aliuawa zama zile zile za meli, na huyo ndiye aliyekuwa akimtafuta pwani nzima. Miaka yote hiyo nimekuwa nikilisimulia jambo la maana kwa upande wake wa uongo, na ukweli umekaa jikoni unasonga sima.

Kisha Kadzo akasema neno ambalo nimelishika.

"Toboeni. Wa kwanza walimtoboa bila kumuuliza mtu. Nyinyi mmeuliza."

Chumba kile hawakuniruhusu kuingia. Nilitazama kwa kioo. Keekee ilizunguka polepole, vumbi likatoka la kahawia, halafu jepesi, halafu jeupe. Sidi alilipokea ndani ya kichupa bila ya kupumua. Kabla sijaondoka wakanifuta ndani ya shavu kwa kijiti cha pamba. Nikauliza ni cha nini. Sidi akasema ni ili wapate kunitofautisha na nyangumi.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na lolote, ila mbwa wa Mombasa alinitambua na kulia.

Kadzo aliupokea mfupa mlangoni. Akaugeuza, akalitafuta tundu, akatia kidole mpaka mwisho wake, akakiacha humo kidogo. Nikaanza kujitetea. Akasema mfupa unanuka papa, akauanika darini juu ya moshi, na kwa muda mrefu akawa anapika amechutama, hataki kigoda nilichomnunulia.

Sidi alipiga simu msimu wa nyangumi ukiwa umeanza. Akaniambia kwanza habari ya juu ya mfupa: papa, ndimu, mbwa, na mtu, mtu huyo ni mimi bila shaka yoyote. Kisha akaniambia habari ya ndani. Moyo wa mfupa ulikuwa umesalimika. Wamemsoma mama wa nyangumi yule. Na katika ngozi zote za walio hai walizonazo, hawajakuta hata mmoja wa ukoo wake. Wanaorudi ni wengi, akasema, na koo bado ni nyingi kuliko alivyoogopa, lakini huyu hayumo. Angalau mpaka sasa.

Nikauliza, kama mjinga, na mimi je? Kile kijiti? Akacheka. Akasema wewe unayo alama ya mama yako, babu, ila watoto wako tisa wanayo ya mama yao.

Siku kadhaa sikumwambia dada. Nilizunguka uani nikikagua matairi yasiyohitaji kukaguliwa. Mimi ambaye simung'unyi maneno hata mbele ya chifu, nilimung'unya. Nitaanzaje kumwambia mwanamke asiyezaa, binti pekee wa mama yake, kwamba amekaa maisha yake yote juu ya mtu wa mwisho wa ukoo wake?

Akaniuliza yeye. Nikamwambia yote kwa mara moja, nikitazama ukuta. Alikuwa anapepeta mchele na hakuacha.

"Wamewapima wote?" akauliza.

"Nani?"

"Hao nyangumi. Wamewapima wote walioko baharini?"

"Hawawezi. Bado wanawafuata."

"Basi mwambie asizike mtu ambaye hajamaliza kumtafuta." Akapepeta tena, akapuliza makapi. "Na wewe tangu tumzike mama umewahi kunipeleka Kinango?"

Sikuwahi. Nina malori.

Kinango

Tulikwenda na pikapu. Hatukujua mji wenyewe, Kadzo alikuwa na majina tu, jina la dada wa mama na jina la kilima. Tuliuliza dukani, tukauliza kisimani, tukapotezwa na mzee mmoja aliyetaka lifti tu. Jua likatuchoma. Nilisema turudi mara nyingi kuliko ninavyopenda kuandika hapa, na kila nikisema Kadzo alikuwa akimuuliza mtu mwingine.

Mwisho tukafika kwenye boma moja, wakatoka wanawake. Kadzo akawaeleza kwa Kiduruma cha mama, ambacho sikujua anacho bado. Akataja ukuche. Mmoja wao, bibi mfupi mwenye meno machache, akamshika mikono yote miwili, wakaingia ndani wote. Mimi nikataka kuingia. Wakaniambia kwa adabu ningoje, haya ni mambo ya kina mama, na kwa hesabu hii mimi si wa kuhesabiwa. Nikaachwa uani na mbuzi, mtu wa malori, baba wa watoto tisa, nikinywa uji wa mhogo kwa kata. Niliwasikia wakitaja majina, moja baada ya jingine, wakibishana, wakilia, wakicheka, wakianza upya.

Jua lilipopungua Kadzo akatoka. Alikuwa amemshika mkono msichana mmoja, kitukuu wa dada wa mama kupitia mabinti watupu, na msichana amebeba mtoto wa kike mchanga, hata nywele hana. Dada yangu alikuwa na uso ambao sijauona tangu tukiwa watoto.

"Kahindi," akasema, akimgusa yule mchanga, "huyu anaitwa Mbodze. Msalimie mama yako."

Nikavua kofia. Nikainama pale mbele ya wanawake wote na mbuzi wao, mzee mzima na mvi zangu, nikakishika kile kiguu kidogo, nikasema shikamoo, mama.

Akanitazama, akapiga mwayo.